Madaka Yasiyo na Sahani

Wenzangu niliostaafu nao kila mmoja amejipatia la kumshughulisha. Mmoja anafuga kuku wa mayai, wa pili amekuwa msuluhishi wa ugomvi wa mipaka mtaani, wa tatu hushinda barazani akicheza bao mpaka adhana ya magharibi. Mimi huingia katika nyumba zisizo na watu. Tangu mwaka 2018, kila nipatapo nauli, hufunga mkoba wangu, nikatia daftari, tochi, futi ya fundi na chupa ya maji, nikaenda kutazama magofu ya pwani. Sehemu ya kiinua mgongo changu imeishia katika mabasi na mashua, jambo ambalo mama watoto hasahau kulitaja kila bei ya unga ipandapo.

Wenyeji wa huko niendako hawaamini kwamba mtu mzima mwenye mvi anaweza kupanda basi kutwa nzima ili akatazame ukuta. Nikikutwa nimeinama penye ufa, swali huwa ni lile lile: "Mzee, umezipata?" Wanakusudia rupia za Wajerumani, ambazo kwa imani ya watu wengi nchini mwetu zimefukiwa chini ya kila jengo la kale. Nimeona kwa macho yangu sakafu zilizotobolewa na makaburi yaliyochimbuliwa kwa ajili ya rupia hizo. Kumweleza mtu kwamba msikiti ule ulikuwa umekwisha kuporomoka kabla Mjerumani hajaijua pwani hii hakusaidii kitu. Siku moja nilimjibu kijana mmoja kwamba ninatafuta maneno. Alinitazama kwa huruma, akaenda zake.

Jibu lile, hata hivyo, lilikuwa la kweli. Kiswahili hakina neno moja tu la jengo au makazi yaliyoachwa. Yako kadhaa, na kila moja linatazama upande wake. Gofu hukitazama kilichobaki, na ndiyo maana hata mtu aliyedhoofu kwa maradhi akasalia mifupa huitwa gofu la mtu: kiunzi kimesimama, nyama imekwisha. Hame ni neno la miguu. Halisemi lolote juu ya kuta. Linasema tu kwamba waliokuwapo walihama. Tongo ni neno la ardhi, mahali palipokuwa na makazi hata kama leo pameota magugu matupu. Na liko ganjo, ambalo siku hizi nalisikia kwa nadra hata vinywani mwa watu wa pwani. Wanafunzi wangu wengi walikuwa na moja tu kati ya hayo, magofu, tena kwa wingi, kana kwamba gofu moja halimkiniki.

Kusini mwa Tanga kuna mahali panapoitwa Tongoni, na jina lenyewe limekwisha kutaja lililomo. Pana msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo za mawe, ingawa nyingi zimeanguka. Zamani sehemu hiyo ilijulikana kwa jina la Mtang'ata, na lahaja ya Kimtang'ata imelihifadhi jina hilo mpaka leo. Ni katika mafungu ya pwani hiyo ndipo Vasco da Gama alipoiteketeza merikebu yake moja mnamo Januari 1499, akiwa njiani kurudi kwao, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuziendesha zote tatu. Mji ule ulikuwa hai siku hizo. Baadaye mji ukaondoka, likabaki neno linalosema kwamba mji umeondoka.

Mimi mwenyewe si mtu wa pwani. Nimezaliwa Singida katika tembe, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa lililosilibwa udongo vile vile. Mwaka 1974 tulihamia kijijini kama walivyohamia wengine wengi nchini. Baba aling'oa mlango akaubeba begani. Mama alitaka kulichukua jiwe lake la kusagia, likamshinda uzito, akaliacha. Nilirudi kupatazama mwaka 1983, nilipomaliza chuo cha ualimu na kabla ya kuripoti katika kituo changu cha kwanza cha kazi. Masika tisa yalikuwa yametosha. Lile jiwe la kusagia lilikuwapo, pamoja na mwinuko mdogo wa ardhi ambao mpita njia angedhani ni kichuguu cha zamani. Nyumba ya udongo haiachi gofu, huacha tongo. Nalisema hili kwa sababu linaeleza kosa nililolifanya darasani kwa muda wa miaka mingi, ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Mwaka 1991 nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya bweni huko bara. Kila nilipofika kwenye historia ya ushairi wetu, niliigusa Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na kila nilipoigusa nilisimama zaidi katika beti zile ambamo mshairi, akiunasihi moyo wake, anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate yalivyokuwa na yalivyokuja kuwa. Wasomaji wa hapa hawahitaji kusimuliwa beti hizo. Miongoni mwa mambo ayatajayo ni madaka ya nyumba yaliyokuwa yakipangwa sahani, ambamo sasa wamelala makinda ya ndege. Niliwaambia wanafunzi kuwa daka ni kabati la vyombo.

Mvulana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama wenye nyumba wamekufa wote na nyumba imebomoka, kabati limebakije mpaka ndege wakazaa ndani yake? Si lingeibiwa?"

Darasa likacheka. Mimi nami nikacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeguswa mahali penye maumivu. Kisha nikajibu kwa lile jibu ambalo mwalimu wa fasihi hulikimbilia maji yamfikapo shingoni: hiyo ni lugha ya kishairi, na mshairi ana uhuru wake. Nikaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, UHURU WA MSHAIRI, tukahamia kwenye inkisari na mazida. Kamusi ilikuwa juu ya meza yangu, hatua mbili kutoka niliposimama. Sikuifungua. Ningeifungua mbele yao ingekuwa kukiri kwamba sijui, na siku hizo nilidhani mwalimu hakiri.

Sikuwa nimebuni jambo kwa makusudi. Nyumbani kwetu kila kilichohifadhi kitu kilikuwa kitu chenyewe: chungu, kibuyu, kilindo, sanduku la bati. Vyote vilibebeka. Haikunijia akilini kwamba mahali pa kuwekea sahani panaweza kuwa si chombo bali ni sehemu ya nyumba. Hivyo kabati langu likaendelea kufundishwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikastaafu nalo.

Kunduchi ndiko nilikoanzia, kwa kuwa nakaa Dar es Salaam na nauli haikuwa kubwa. Kisha nikaenda Kaole, karibu na Bagamoyo, penye misikiti miwili na makaburi yake. Huko nilijifunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia, kuvaa viatu vya ngozi kwa ajili ya nyoka, na kutookota kigae hata kimoja, kwa maana kigae kilicho mfukoni mwako hakisemi tena kilitoka chumba gani. Yaliyobaki sina haja ya kuyarefusha. Misikiti na makaburi yana heshima yake, lakini hayakuwa makazi ya watu. Mimi nilitaka kuingia nyumbani mwa mtu.

Nyumba hizo ziko Songo Mnara. Nilifika huko mwaka 2019, baada ya kulala Kilwa Masoko na kupata kibali. Mashua haikuweza kusogea mpaka ufukweni kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa, ikabidi nikunje suruali nipite katika tope la mikoko nikiwa nimeshika viatu mkononi, huku nahodha akinikumbusha kwamba maji yakijaa hayatamngoja mstaafu. Mji ule ulistawi tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kisha ukahamwa. Kwa kuwa hakuna waliokuja kujenga mji mwingine juu yake, zimebaki nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi, na vipande vya ukuta uliouzunguka mji. Mgeni huingia kwa kushuka ngazi hadi kwenye ua wa ndani, hupanda tena kwenye chumba kirefu cha mbele, na kutoka hapo vyumba hufuatana kuelekea ndani, kila kimoja kikiwa na giza kuliko kilichotangulia.

Nilitoa futi yangu. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, na upana wake hauzidi sana mita 3. Nilishangaa kwa nini mtu mwenye mali ya kumwezesha kujenga kwa mawe ajibane hivyo. Sababu iko juu, mahali ambapo sasa hapana kitu. Dari lilikuwa la boriti za mikoko zilizobeba sakafu nzito ya mawe na chokaa, na boriti ya mkoko ina urefu wake ambao ukiuzidisha huvunjika. Ukitaka chumba kikubwa, unakirefusha, huwezi kukipanua. Watu wa mizani watanielewa bila maelezo zaidi.

Kuta zenyewe ni za mawe ya bahari ya aina mbili. Mawe magumu ya nchi kavu, yaliyowahi kuwa matumbawe zama za kale, hutumika kujazia ukuta. Matumbawe laini hukatwa baharini yakiwa hai, huchongwa yangali na maji, kisha hukauka na kuwa magumu. Hayo ndiyo ya miimo ya milango, mihirabu na kingo za mapambo. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo kubwa la magogo. Kwa hiyo nyumba nzima, isipokuwa boriti na milango, ni bahari iliyopandishwa pwani. Ndiyo maana wenye mali wakiondoka, mbao huliwa na mchwa au huchukuliwa, lakini jiwe hukaa.

Katika chumba cha pili cha nyumba moja nikaliona. Lilikuwa shimo la mstatili lililoingizwa katika unene wa ukuta, kimo cha kifua changu, limelainishwa kwa chokaa ndani, na ukingo wake umechongwa kwa matumbawe. Pembeni mwa mlango palikuwa na jingine dogo. Kijana aliyeniongoza akasema lile dogo lilikuwa la taa na haya makubwa yalikuwa ya vyombo. Aliyasema kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara mia. Ndani ya lile kubwa mlikuwa na manyasi makavu na kinyesi cheupe cha ndege.

Sikumjibu. Nilikuwa nimekumbuka darasa, dirisha na mkono ulionyooshwa. Lile ndilo kabati langu. Haliwezi kuibwa kwa kuwa ni ukuta. Haliozi kwa kuwa si mti. Mwenye nyumba akifa, warithi watachukua sahani, majirani watachukua milango, mvua itachukua dari, na daka litabaki pale pale na umbo lake lote, tupu, kavu, limekingwa upepo kwa pande tatu. Kama wewe ni ndege unayetafuta mahali pa kutagia, huwezi kupata bora. Mshairi hakuwa ametumia uhuru wowote. Alikuwa amesema lililopo. Swali la yule mvulana lilikuwa na jibu la kifundi, la sentensi moja, na mimi badala ya jibu hilo nilimpa istilahi.

Siku iliyofuata nilizunguka Kilwa Kisiwani, lakini sikuona vizuri, maana mawazo yalikuwa yamebaki ng'ambo. Nitataja mawili tu. Husuni Kubwa, jumba alilolijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, na ambalo birika lake la pembe nane bado linatambulika, halikukamilika kamwe. Ni gofu lililoanza kuwa gofu likiwa linajengwa. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331 katika zama za mfalme huyo huyo. La pili ni ile ngome ya ufukweni iitwayo Gereza. Wareno walijenga ngome yao Kilwa mwaka 1505, na Waomani wakaijenga upya baadaye. Neno gereza asili yake ni neno la Kireno la kanisa. Limetoka kwenye sala, likapitia kwenye mizinga, likaishia kwenye pingu, na njia hiyo yote imeandikwa katika silabi tatu ambazo tunazitamka kila siku. UNESCO iliyatia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kwa miaka kumi, 2004 hadi 2014, yalikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari inakula ufukwe; hilo huhitaji kuwa mtaalamu kuliona.

Niliporudi nyumbani nikaona nimejifunza nusu tu. Utenzi ule haukutungwa kuhusu Kilwa. Ilinichukua miaka mitatu kuweka akiba ya safari ya Lamu.

Lamu si gofu, alhamdulillahi. Mji unaishi. Ipo huko nyumba moja ya kale iliyotengenezwa kuwa makumbusho ya nyumba ya Waswahili, na mama mmoja aliyekuwa hapo, aliponisikia nikiuliza majina badala ya tarehe, aliacha shughuli yake akanitembeza chumba kwa chumba. Aliniita "baba mwalimu", ingawa nadhani tulilingana umri. Mlangoni mna daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili. Ukipita hapo, unafika tekani, halafu kiwanda, ambacho ni ua ulio wazi juu. Mbele ya kiwanda ni msana wa tini, nyuma yake msana wa yuu, kisha ndani. Na huko ndani, ukuta mzima umejaa vidaka, au zidaka kama wasemavyo wenyewe, safu juu ya safu, vimepambwa kwa chokaa iliyochongwa. Vingine ni vidogo mno hata havifai kuwekewa chochote ila kikombe kimoja cha kupendeza macho.

Nilimuuliza kwa nini daka ni ukumbi wa nje na tena daka ni tundu la ukutani. Alicheka, akasema ni madaka yote. Nimelifikiria sana jibu hilo na naliona kuwa sahihi kuliko maelezo marefu. Ukumbi ule nao ni uwazi uliomegwa katika unene wa jengo, mmoja wa kukalia watu na mwingine wa kukalia sahani. Anayejenga kwa udongo na fito hawezi kuwa na neno hili, kwa kuwa ukuta wake hauna unene wa kumegwa.

Kisha akanipeleka katika chumba cha mwisho kabisa, kilicho nyuma ya ndani, chenye giza mchana. "Hapa ni nyumba kati," akasema. Akaeleza kwamba katika chumba hicho zamani wanawake walijifungulia, na humo humo maiti wa nyumba aliogeshwa.

Hapo nilitafuta mahali pa kukaa. Nyumba kati imo katika utenzi. Mshairi anaitaja pale anaposikia wadudu wakivuma ndani yake, kama anavyozitaja kumbi za msana. Na mimi miaka yote ile nilikuwa nimewaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni "katikati ya nyumba". Si uongo wa sarufi. Kwa sarufi mtu anaweza kuitetea. Lakini katikati ya nyumba ni mahali popote, na nyumba kati ni mahali pamoja. Ni chumba alimoingia mtu duniani na alimotolewa akiwa ameoshwa. Mshairi alipotaka kuuonyesha moyo wake ukiwa ulio mkubwa kuliko wote, hakupaza sauti. Alikitaja chumba tu, akawaachia wadudu kusema. Msikilizaji wake wa Pate au Lamu hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa amezaliwa humo. Mimi nilikuwa nimeutoa mlango mzima wa ubeti ule, nikautupa nje, halafu nikawasifia wanafunzi uzuri wa nyumba.

Nilivuka hadi Pate. Mashua hushusha watu Mtangawanda, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Mji wa leo ni mdogo, na kando yake ndiko yaliko magofu ya mji mkubwa wa Wanabahani, yametapakaa katikati ya mashamba ya tumbaku. Mkulima mmoja alikuwa akipalilia ndani ya kile kilichokuwa chumba. Kuta tatu zilimkinga jua la asubuhi. Tuliamkiana, akaniuliza natoka wapi, hakuniuliza habari za rupia. Nilipomwonyesha madaka yaliyobaki ukutani akasema humo huweka kibuyu chake cha maji.

Pate ilikuwa imeanza kulegea tangu karne ya 18, kwa vita vya ndani na kwa ugomvi na jirani zake, na mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi yake pamoja na ya Mazrui wa Mombasa yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Baada ya hapo Lamu ilijitia chini ya ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na Pate haikuinuka tena kama ilivyokuwa. Al-Inkishafi ni ya zama hizo hizo. Wengi wetu tumezoea kuisoma kama mawaidha juu ya dunia kwa jumla, na mawaidha ni kweli yamo. Lakini nikiwa nimesimama katika tumbaku ile niliamini, na naamini hata sasa, kwamba Sayyid Abdalla aliingia mwenyewe katika nyumba zile. Mtu asiyeingia hawezi kujua chumba gani kina sauti gani. Alipita mlangoni, akavuka kiwanda, akaenda mpaka nyumba kati, akasimama gizani akasikiliza. Huu mchezo wangu wa uzeeni si mgeni kwetu, basi.

William Hichens alichapisha toleo lake la utenzi huo London mwaka 1939, na ndilo lililoufikisha kwa wasomi wengi. Lakini nimekuja kumheshimu zaidi James de Vere Allen, aliyewahi kuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu. Mwaka 1977 alitoa toleo lake la Inkishafi, na mwaka 1979, pamoja na Thomas Wilson, akatoa kitabu kuhusu nyumba na makaburi ya Waswahili katika pwani ya Kenya. Sidhani ilikuwa sadfa kwa mtu mmoja kushughulika na mambo hayo mawili. Ningetamani chuoni tungefundishwa hivyo, utenzi mkono mmoja na ramani ya nyumba mkono wa pili.

Yule mwanafunzi wa dirishani sasa atakuwa mtu wa miaka 50 hivi. Jina lake la kwanza nalikumbuka, la ukoo limenitoka, na shule ile nimeiandikia bila kupata jibu. Kama atayasoma haya: daka halikuwa kabati, ndugu yangu. Ulikuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka jana nilikuwa katika mji mmoja wa pwani ya kusini. Nilikuta nyumba ya mawe ya ghorofa moja ikivunjwa ili pajengwe fremu za maduka. Ilionekana kuwa ya mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba changa kuliko hapo hubaki mikononi mwa mwenyewe, isipokuwa itangazwe rasmi. Sikuwa na ugomvi na mwenye nyumba. Ana watoto wa kusomesha, na alikuwa mwungwana wa kuniruhusu niingie siku mbili kabla kazi haijafika vyumba vya nyuma.

Fundi mkuu alikuwa mtu wa makamo, mwenyeji wa hapo, na vijana wake wawili walikuwa wageni. Katika chumba cha nyuma palikuwa na tundu ukutani, halikuwa na mapambo ila tao dogo juu yake. Nilimuuliza wao huliitaje.

"Shubaka, mzee," akasema.

Nikaandika shubaka. Nikawauliza vijana. Mmoja akasema tundu, wa pili akasema kishimo, kisha wakatazamana, wakacheka kwamba mtu amesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuuliza jina la kishimo. Nikamwambia fundi kwamba kaskazini huko Lamu huliita daka. Alisimama kidogo, sururu begani, akalitazama lile tundu kana kwamba amelikuta siku hiyo. Akasema bibi yake alikuwa na shubaka kama hilo, akiweka humo Kurani na karafuu, na watoto walikatazwa kutia mikono.

Nilipima: upana sentimita 42, kimo 55, kina 30. Nilikuwa sijamaliza kuchora tao lake pale fundi aliponishika bega kwa upole.

"Sogea kidogo, mzee. Ukuta huu unakuja sasa."